Karatasi Zihesabiwe Kabla ya Kuokotwa

Neno kura, ambalo vijana wa leo wakilisikia huwazia sanduku la uchaguzi na wino kidoleni, tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni kura ya namna ile iliyomwangukia Nabii Yunus jahazini. Hivyo watu wa Kitengela, wanapokusanyika Jumamosi kando ya barabara ya Namanga ili kuokota karatasi za ploti, hulitumia kwa usahihi kuwashinda wanasiasa.

Tangu ranchi ya pamoja ya Kitengela ilipogawanywa mwaka 1988, ardhi ya huku imekatwa na kukatwa tena, na mikutano ya namna hiyo si nadra. Majuma machache yaliyopita nilihudhuria mmoja. Wanachama 40 walikuwa wamechanga wakanunua ekari 6 upande wa Isinya, zikapimwa ploti 40 za futi 50 kwa 100, na kati ya hizo 5 zatazama barabara. Ndoo ya plastiki ikaletwa, na kabla ya mkono wowote kuingia ndani pakazuka mzozo: nani aanze?

"Wa mbele watazimaliza za barabarani," akanung'unika mama mmoja aliyesimama nyuma, viatu vyake vimelemewa na ule udongo mweusi, "sisi tuachiwe makombo!"

Wahenga walisema kutangulia si kufika, na hapa hisabu yawaunga mkono. Mtu wa kwanza ana nafasi 5 katika 40, yaani thumni. Wa pili je? Chukua mikutano 8 mfano wa ule: kwa kawaida katika mmoja wa kwanza ataondoka na ploti ya barabarani, amwachie mwenzake 4 katika 39, katika ile 7 iliyosalia atamwachia 5 katika 39. Jumlisha 4 na 35, upate 39, ugawanye kwa mara 8 ya 39, na jawabu ni thumni ile ile, wala haibadiliki hata ukifika kwa yule mama wa mwisho. Alichostahili kukiogopa ni kingine.

Basi mzee mmoja, mkimya tangu asubuhi, akaomba ndoo imwagwe mezani. Karatasi zilikuwa 38, na za barabarani 3. Maafisa wawili wa kikundi walikwisha kujichagulia zao kwa siri, na nafasi ya kila aliyebaki ilikuwa imeshuka kutoka thumni hadi chini ya moja katika 12. Nusu saa nzima tulikuwa tumegombea foleni, ambayo haikuwa na dhara, na hapana aliyeuliza mna nini ndani ya ndoo. Kwa rai yangu, dhuluma ya kura haifanywi na mkono unaookota, bali na mkono uliokunja karatasi.

Nawe msomaji, ukialikwa Kajiado kwa shughuli kama hiyo, omba karatasi zihesabiwe mbele ya macho yako, kisha simama popote upendapo katika foleni.