Mikono ya mama si mkanda wa gari

Kila siku, katika hospitali na vituo vyetu vya afya hapa Uganda, akina mama waliojifungua salama huruhusiwa kurudi nyumbani. Siku hiyo ni ya furaha kubwa. Jamaa huja kuwapokea, gari hukodiwa, mizigo hupakiwa, na mtoto aliyetunzwa kwa uangalifu tangu mimba huianza safari ya kwanza ya maisha yake. Amepimwa uzito, amechanjwa, kitovu chake kimetazamwa. Lakini kuna swali moja ambalo kwa kawaida haliulizwi na mtu yeyote: ndani ya gari hilo mtoto atakaa wapi, na atafungwa kwa nini?

Jibu tulilolizoea ni kwamba atapakatwa na mama yake. Tunalotaka kusema leo ni kwamba mikono ya mama, pamoja na mapenzi yake yote, haiwezi kumzuia mtoto pindi gari linapogonga. Kumfunga mtoto mchanga katika kiti chake maalumu ni sehemu ya uzazi salama, kama ilivyo chanjo.

Hatusemi haya kwa kumlaumu mama. Hesabu ndivyo isemavyo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao madereva wetu huuita wa pole, likigonga kitu na kusimama ghafula, kila kilichomo ambacho hakikufungwa huendelea mbele kwa mwendo ule ule. Pigo lake ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 10 hivi, yaani ghorofa ya tatu. Wakati huo mtoto wa kilo 4 huvuta kwenda mbele kwa nguvu inayoweza kufikia ile ya mzigo wa kilo 100. Hata mchukuzi hodari wa magunia katika soko la Owino hawezi kuudaka mzigo huo kwa mikono, tena kwa muda wa kupepesa jicho. Wapo pia wanaouzungusha mkanda mmoja kuwafunga mama na mtoto pamoja. Hilo nalo ni hatari kubwa, kwani mtoto hubanwa kati ya mkanda na uzito wote wa mama yake.

Mtoto mchanga si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Kichwa chake peke yake ni kama robo ya urefu wa mwili wake, na shingo inayokibeba ina mifupa ambayo haijakomaa. Ndiyo sababu kiti chake huelekezwa nyuma ya gari. Gari likigonga kwa mbele, mgongo wa kiti hukipokea kichwa, shingo na uti wa mgongo kwa pamoja, na pigo hutawanyika. Akielekezwa mbele, mikanda hukizuia kiwiliwili, lakini kichwa hutupwa na shingo huvutika. Wazo hilo lilianzia Sweden katika miaka ya 1960, pale Profesa Bertil Aldman alipotazama jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali katika vyombo vyao ili migongo yao ipokee nguvu ya mwendo. Katika Marekani yenyewe, jimbo la Tennessee lilikuwa la kwanza kupitisha sheria ya viti vya watoto, mwaka 1977, na kufikia mwaka 1985 majimbo yote yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Wataalamu wa usalama barabarani wa nchi hiyo wamekadiria kwamba kiti kinapotumiwa ipasavyo katika gari dogo, hatari ya kifo kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupungua kwa asilimia 71.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni. Sisi hatukubaliani nao. Mama wa Kiafrika alijua kumfunga mtoto kabla gari halijabuniwa. Atiaye mtoto mgongoni huinama kwanza, akamkalisha vizuri, akaikaza mbeleko, kisha akalijaribu fundo kabla ya kuuachia mkono. Haiachi mbeleko ikalegea eti kwa sababu aendako ni karibu. Kiti cha mtoto ni mbeleko ya gari, nacho chataka uangalifu ule ule.

Basi yatupasa kujua namna ya kukitumia. Kwanza, kiti kiwekwe nyuma ya dereva na abiria wa mbele, kikitazama nyuma. Kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa maana mfuko huo hufumuka kwa nguvu na kupiga mahali pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Magari mengi tunayoagiza kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika yana mifuko hiyo. Huko Japani sheria imewalazimisha wazazi kutumia viti vya watoto tangu mwaka 2000; magari yamevuka bahari yakatufikia, lakini desturi hiyo haikuvuka nayo.

Pili, kiti chenyewe kifungwe barabara kwa mkanda wa gari, ukipitishwa katika njia iliyoonyeshwa na mtengenezaji. Ukikishika hapo upitapo mkanda na kukitikisa, kisisogee zaidi ya sentimita 2 na nusu. Kilale kwa kadiri iliyoelekezwa, kwani kikisimama mno kichwa cha mtoto huinamia kifuani na njia ya hewa huzibana.

Tatu, mtoto akalishwe matako na mgongo vikigusa kiti. Mikanda ya mabega itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo, si juu. Kifungio kisikike kikilia kinaposhika. Kisha mikanda ikazwe hata ukijaribu kuifinya kwa vidole viwili penye bega usipate mkunjo wa kushika. Kama kuna kibanio cha kifuani, kiwe usawa wa makwapa. Kisishuke tumboni wala kisipande shingoni.

Nne, na hapa wengi hukosea kwa sababu ya huruma, mtoto asifungwe akiwa amezungushiwa blanketi au shali nzito. Mikanda huonekana imekaza, kumbe imeikaza nguo. Ajali ikitokea, nguo hunywea, mkanda hubaki umelegea, na mtoto huchomoka. Avikwe nguo nyepesi yenye nafasi ya miguu, afungwe, ndipo afunikwe juu ya mikanda. Kichwa kikiyumba, leso iliyoviringishwa iwekwe huku na huku, lakini kisiwekwe kitu chochote nyuma ya kichwa wala chini ya mgongo.

Na ikumbukwe kwamba kiti si kitanda. Wafikapo nyumbani, mtoto atolewe na kulazwa chali mahali palipo tambarare na pagumu kiasi. Katika safari ndefu, kama ya Kampala hadi Mbarara, gari lisimame mara kwa mara ili apumzishwe. Aliyezaliwa kabla ya wiki 37, wazazi wamwulize daktari kabla ya safari, kwani baadhi ya watoto hao hushindwa kupumua vizuri wakiwa wameketi.

Twajua swali litakalofuata. Viti hivi ni ghali, na wananchi wengi husafiri kwa taksi au kwa bodaboda. Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Lakini kwanza tuseme na wenye magari. Mtu aliyepata fedha za kununua gari, akaongeza redio yenye kishindo na magurudumu ya kung'aa, hana udhuru wa kukosa kiti cha mwanawe. Kuhusu wengine, tukumbuke kwamba kiti cha mtoto mchanga hutumika kwa muda mfupi tu, kwa kawaida mwaka mmoja au pungufu. Kiti kimoja chaweza kuwahudumia watoto kadhaa wa ukoo. Tena, katika miaka ya 1980, baadhi ya hospitali na vyama vya hiari vya Marekani vilikuwa na mipango ya kuwaazima wazazi viti. Kwa nini hospitali zetu, vyama vya akina mama, misikiti na makanisa yasianzishe utaratibu kama huo?

Anayenunua kiti cha mtumba awe macho. Asichukue kilichopata kuwamo katika ajali, chenye ufa, chenye mikanda iliyochanika, au ambacho historia yake haijulikani. Atafute chapa ya kuonyesha kwamba kimepimwa, kama ile ya Umoja wa Mataifa yenye herufi E ndani ya duara, pamoja na namba R44 au R129.

Na asiye na kiti kabisa siku ile ya kutoka hospitali? Asipande bodaboda na mtoto mchanga. Akiweza, akodi gari lenye mikanda, aketi nyuma, ajifunge mkanda yeye, na mtoto awe nje ya mkanda huo. Asafiri mchana, na dereva aamriwe kwenda polepole. Tuseme wazi kwamba hii si kinga. Ni kupunguza hatari tu, mpaka tutakapopata njia iliyo bora.

Serikali nayo ina wajibu wake. Sheria ni njema, lakini sheria ya viti isiyoambatana na viti vyenye bei nafuu itageuka kuwa faini kwa maskini. Ushuru utazamwe, wakunga wafundishwe ili nao wawafundishe wazazi, na madereva wafunzwe jambo hili tangu shule ya udereva.

Tumezoea kusema mazishini kwamba ajali haina kinga. Msemo huo huwafariji waliofikwa; haukutungwa ili kuwapa ruhusa wazembe. Ajali yenyewe pengine hatuwezi kuizuia daima, kwani dereva mwingine aweza kutuletea. Lakini madhara yake kwa mtoto yana kinga, nayo yajulikana kwa zaidi ya miaka 50. Mtoto mchanga hawezi kujifunga, hawezi kumwonya dereva, wala hawezi kudai haki yake. Sisi tuliomleta duniani ndio wa kumdaia, na kazi hiyo haituchukui hata dakika 5 kabla ya kuliwasha gari.