Wapangaji wasiolipa kodi chini ya Kilimani

Kama unaishi Kilimani huenda unawajua majirani wa ghorofa ya juu kwa kelele za viti vyao, na wale wa chini kwa harufu ya vitunguu vyao. Lakini kuna wapangaji wengine ambao hawajawahi kubisha mlango wa mtu wala kulipa kodi. Wanaishi chini ya msingi wa nyumba, ndani ya mawe yenyewe. Wiki hii tuwaangalie hao, kwa sababu maji wanamoishi ndiyo ambayo wengi wetu tunaogea na kupikia.

Maji ya mfereji ya Nairobi hutoka mbali, katika mabwawa kama Ndakaini na Sasumua, na hayatoshi. Ndiyo maana majumba mengi ya ghorofa mtaani yana kisima chake kilichochimbwa kwa mashine. Visima hivi si vya kamba na ndoo. Vingi hupita mita 200, yaani urefu wa jumba la KICC mara mbili hivi, ukielekea chini. Mashine hutoboa matabaka ya mawe ya volkeno yaliyomwagika mamilioni ya miaka iliyopita, na katikati yake udongo na mchanga wa maziwa ya kale. Humo ndimo maji yalimojificha.

Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba chini kabisa hakuna uhai. Ungetoka wapi, ikiwa hakuna jua, hakuna majani na hewa ni haba? Leo inajulikana kwamba maji ya ardhini kote duniani yana viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, hasa bakteria na jamaa zao waitwao arkea. Kijiko kimoja cha chai cha maji hayo kinaweza kuwa na maelfu yao, hata mamilioni.

Je, wanakula nini? Wanakula mawe! Au tuseme, wanajipatia nguvu kutokana na madini yaliyoyeyuka majini. Wako wanaotumia chuma, nao huacha utelezi mwekundu kama uji wa wimbi ndani ya mabomba, hata pampu ikaziba. Wengine hutumia chumvi za salfa pasipo na oksijeni, nao hutoa gesi inayonuka kama yai viza. Kwa hiyo ukifungua mfereji asubuhi na kunusa harufu hiyo, huenda ni salamu kutoka kwa wapangaji wa chini.

Habari ya ajabu zaidi ilitoka Afrika Kusini. Katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, kilomita 2.8 chini ya ardhi, watafiti walichota maji yaliyokuwa ndani ya nyufa za mawe. Mwaka 2008 walitangaza kwamba karibu viumbe vyote katika maji hayo vilikuwa aina moja tu ya bakteria, iliyopewa jina Desulforudis audaxviator. Maji hayo yana joto la nyuzi 60 hivi. Mionzi ya urani iliyo ndani ya mawe hupasua maji na kutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ndiyo chakula chake. Kiumbe hiki hakidai jua hata kidogo, na hujigawa mara moja tu baada ya mamia au hata maelfu ya miaka. Haba na haba hujaza kibaba!

Hata hivyo kuna mpaka. Kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyozidi, na joto kubwa zaidi ambalo kiumbe kimewahi kuonekana kikiongezeka ni nyuzi 122. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, visima vya mvuke wa umeme hufika kilomita 3 na joto lake hupita nyuzi 300. Huko hakuna mpangaji awezaye kukaa. Lakini juu ya mpaka huo nafasi ni kubwa mno. Mwaka 2018 wanasayansi wa mradi wa Deep Carbon Observatory walikadiria kwamba kaboni iliyo ndani ya viumbe vya chini ya ardhi ni mamia ya mara kuliko ile iliyo katika miili ya binadamu wote.

Sasa mama mwenye nyumba atauliza: je, vijidudu hivi vitawadhuru watoto? Kwa kawaida, wenyeji hawa wa mawe hawana haja na matumbo yetu. Wa kuogopwa ni wale tunaowapeleka chini sisi wenyewe. Kisima kisichozibwa vizuri sehemu ya juu, au kilicho karibu na bomba la maji taka lililopasuka, huingiza vijidudu vya kinyesi. Hivyo ndivyo vinavyoleta kuhara na homa ya matumbo. Kuchemsha maji huviua.

Lakini kuna adui mwingine asiyekufa kwa moto. Mawe ya volkeno hutoa madini ya floraidi, na visima vingi vya Nairobi vinayo kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, meno ya watoto ambayo yangali yanajengwa ndani ya ufizi hutoka na madoa ya kahawia yasiyofutika. Kuchemsha hakuyaondoi, maji yakipungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea. Kwa hiyo wapangaji, mwombeni mwenye jumba awaonyeshe cheti cha maabara, na kiwe kimepima mambo mawili: vijidudu na floraidi. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Nanyi wanafunzi, jaribuni hili. Jazeni chupa inayopenya mwanga maji ya kisima, muiache wazi siku mbili au tatu. Yakigeuka rangi ya kutu, basi chuma kilichoyeyuka kimekutana na hewa. Msiyanywe!

Jambo la mwisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba tangu 1950 maji ya chini ya Nairobi yamekuwa yakishuka kwa wastani wa mita 6 hivi kila miaka kumi. Wapangaji wetu wa chini hutumia walicho nacho polepole, karne kwa karne. Sisi tuna pampu, na tunachota haraka kuliko mvua inavyorudisha. Mfereji unaovuja jikoni kwako leo unavuja maji ya mjukuu wako.

Tukutane Jumapili ijayo.