TAA ZA BREKI SI KOSA LA DEREVA

Ndugu Wafanyi Kazi,

Tangu mabasi ya stima yaanze kubeba abiria katika Nairobi mwaka 2022, magari ya namna hii yamezidi kuongezeka, na malalamiko ya madereva nayo yameongezeka. Lalamiko moja twalisikia tena na tena. Taa za breki haziwaki, dereva anasimamishwa na polisi, faini inalipwa, kisha tajiri anaikata katika mshahara. Dereva akisema kwamba gari lilikuwa bovu kabla hajalitoa, anajibiwa kuwa hayo ni mambo ya kompyuta, yeye hayajui. Sisi twasema kwamba jambo hilo halina haki hata kidogo.

Yafaa kila mwanachama ajue kwamba taa za gari la stima haziwashwi moja kwa moja na ile betri kubwa inayoendesha mota. Zinawashwa na stima ndogo ya volti 12, au 24 katika mabasi na malori, sawa na gari la petroli. Kwa hiyo ubovu mwingi wa taa hizi ni ule ule tunaoujua tangu zamani.

Ikiwa taa moja tu haiwaki, tazama globu, kisha soketi yake kama imeingia maji au kutu, kisha waya wa arthi unaofungwa kwenye bodi. Ukikanyaga breki na taa nyingine zikafifia au zikawaka ovyo, shaka kubwa ni arthi. Ikiwa zote zimezimika, ya kushoto, ya kulia na ile ya juu, usianze na globu, kwa maana ni nadra tatu kuungua siku moja. Tazama fyuzi, kisha swichi iliyo kwenye pedali ya breki. Fyuzi mpya ikiungua tena, usitie iliyo kubwa zaidi; waya umechubuka na kugusana mahali. Kukiwa na mita, mmoja akanyage breki na mwingine apime kwenye soketi. Stima ikifika hapo na taa haiwaki, ubovu ni globu au arthi. Isipofika, ubovu uko kwenye fyuzi, swichi au waya.

Taa zikiwaka bila kuzima, hiyo nayo ni hatari, kwa sababu aliye nyuma hawezi kujua ni lini gari linasimama. Mara nyingi ni swichi ile, au kipande kidogo cha plastiki kinachoisukuma kimevunjika.

Lakini nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe na mtu asiyefundishwa. Hizo hubeba volti 300, 400 au zaidi, na zaweza kuua. Tajiri anayemtuma fundi kwenye gari hilo bila mafunzo na bila glavu zake anacheza na maisha ya mtu.

Liko jambo jingine ambalo halikuwako katika magari ya zamani. Gari la stima hupunguza mwendo dereva anapolegeza mguu tu, kwa maana mota hugeuka kuwa kinu cha kurudisha stima katika betri. Hapo dereva hajagusa breki, na ni kompyuta inayopasa kuwasha taa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya breki za motokaa ndogo, namba 13-H, yasema kwamba mwendo ukipungua kwa zaidi ya mita 1.3 kwa sekunde katika kila sekunde, taa ni lazima ziwake. Hiyo ni karibu kilomita 5 kwa saa kupungua kila sekunde. Hata hivyo, mwaka 2023 gazeti la Marekani liitwalo Consumer Reports lilionyesha kwamba motokaa fulani za stima za Hyundai na Kia ziliweza kupunguza mwendo sana bila taa kuwaka, maadamu mguu wa dereva haujaachia pedali kabisa. Dawa yake ilikuwa kubadilisha programu ya kompyuta. Je, dereva angelaumiwaje kwa jambo hilo? Globu zake nzima, fyuzi nzima, naye haoni nyuma ya gari lake. Anayeumia ni mwenye pikipiki anayemfuata, ambaye hana bodi ya kumkinga.

Basi twataka mambo manne. La kwanza, kila asubuhi gari likaguliwe na watu wawili, mmoja ndani na mmoja nyuma, na taa zijaribiwe kwa breki na pia kwa kulegeza mguu gari likienda polepole uwanjani. La pili, ubovu uandikwe katika kitabu, na dereva abaki na nakala. La tatu, mafundi wetu wapelekwe kufundishwa kazi ya magari haya kwa gharama ya tajiri, wasingojee kufukuzwa kwa kuitwa watu wa zamani. La nne, faini ya gari bovu isikatwe katika mshahara. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mali iliyoharibika ikatwe pale mfanyi kazi alipofanya makusudi. Globu kuungua si makusudi ya mtu.

Nanyi madereva, msitoe gari bovu kwa kuogopa kelele za karani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inawataka mtoe habari ya hatari kubwa kwa mkubwa wenu mara moja, na haimruhusu awarudishe penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Andikeni, muweke nakala, na mkikatwa mshahara ileteni kwa mwakilishi wa chama. Mmoja akilalamika peke yake huambiwa hajui kompyuta. Sote tukishika vitabu vyetu, ni tajiri atakayetafuta la kusema.

Umoja ni nguvu.