Ng'ombe Tumenunua, Nyasi Je?

Kila mwaka ikifika Septemba, simu za nyumbani huja na habari zilezile: mvua bado, malisho yamekwisha, ng'ombe wamekonda. Wanaomba hela ya mashudu, nasi hapa Dubai tunatuma. Mwaka unaofuata wanaomba tena, na zizi limeongezeka, maana nasi tumenunua wawili watatu. Hela yetu inaongeza midomo, haiongezi nyasi.

Kwetu Usukumani wazee walikuwa na jibu: ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, kisha hufunguliwa kiangazi nyasi zinapokwisha kwingine. Miaka ya nyuma sehemu kubwa ya Shinyanga ilifyekwa, kwa kuwafukuza mbung'o, kulima pamba na kupata kuni, ikabaki ardhi kavu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ukawarudisha watu kwenye ngitili zao. Zaidi ya hekta 300,000 zilirejea. Mara nyingi hata miche haikuhitajika: mizizi ilikuwa hai ardhini, ikachipua ilipoachwa kupumua. Pamoja na nyasi, watu wakapata kuni, asali na dawa.

Wenzetu wa Machakos na Makueni wana fanya juu. Mtaro huchimbwa kukinga mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu, na nyasi zikapandwa kwenye tuta. Maji ya mvua hayakimbii tena na udongo, yanasimama, yanazama. Kazi hiyo wameifanya sana kwa mwethya, vikundi vya kusaidiana.

Lakini tusiwahubirie walio nyumbani. Mwaka huu mdogo wangu alitaka tulime mpunga kwenye ngitili aliyoacha baba. Hoja yake ina uzito: ana watoto watatu shuleni, na ngitili iliyofungwa haimlipi ada Januari. Kumwambia "tunza mazingira" nikiwa nimekaa kwenye kiyoyozi ingekuwa matusi. Tukapiga hesabu ya faida ambayo angeipata kwa mpunga, tukakubaliana kwamba ngitili ibaki na mimi nilipe ada ya watoto wawili. Yeye atauza madume mawili kabla ya kiangazi, wakiwa bado wamenona, ili wanaobaki watoshe na malisho.

Ndipo ninapowaomba, ndugu zangu. Ardhi ikitunzwa, kuna mtu anayekosa kitu kwa ajili hiyo, na mara nyingi ni yule aliyebaki. Sisi tunaweza kubeba sehemu ya hasara yake. Kabla ya kununua ng'ombe mwingine, uliza: familia ina ngitili? Mipaka yake inajulikana kijijini? Shamba la mteremko lina matuta? Kama kuna kikundi cha kuchimba, changia majembe, mitaro na chakula cha siku ya kazi, tena utume mapema, kabla mvua hazijaanza. Hela inayofika mafuriko yakishapita huwa ya pole tu.

Hapa tunakunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa mitambo ya gharama kubwa. Kule mvua inanyesha bure. Tuwasaidie kuizuia isipite.

Tukutane mwezi ujao.