Baada ya Amina

Ibada za Jumapili katika miji yetu hazina upungufu. Kwaya zimeiva, vipaza sauti vinasikika hadi mtaa wa pili, na sadaka huhesabiwa kwa uaminifu. Swali lililobaki ni la Jumatatu. Mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, au kijana aliyetoka jela jana, amefaidika nini kwa kukaa jirani na watu wanaosali sana?

Denis Mukwege alikumbana na swali hilo utotoni, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste, na siku moja alikwenda naye kumwombea mtoto mgonjwa. Baada ya maombi, Denis alimuuliza baba kwa nini hakumpa yule mtoto dawa. Mchungaji alijibu bila kuficha kwamba yeye si daktari. Kazi yake ni kuomba. Basi mwana akaazimia kuwa daktari, ili baba aombe naye atibu.

Mzee hakujifanya kujua asichokijua, wala mtoto hakuidharau sala.

Mukwege alisomea udaktari Bujumbura, akajifunza magonjwa ya wanawake na uzazi Angers, Ufaransa, kisha akarudi kufanya kazi katika hospitali ya Lemera. Oktoba 1996 vita viliifikia hospitali hiyo, na wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Mwaka 1999 alianzisha Hospitali ya Panzi huko Bukavu, chini ya CEPAC, jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste. Alikusudia kuwahudumia wajawazito, lakini mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke aliyebakwa na kujeruhiwa vibaya. Baada yake walikuja maelfu.

Wengi walikuwa na fistula. Mwenye fistula huvuja mkojo usiku na mchana. Hufua vitambaa bila kupumzika, hukwepa kukaa na wenzake kwa sababu ya harufu, na mara nyingi mume humkimbia. Mtu wa namna hiyo kutakiwa baraka kutoka mlangoni hakumsaidii kitu. Pale Panzi hushonwa, huwekewa mpira wa mkojo mpaka kidonda kipone, hupata wa kumsikiliza, hufundishwa kazi ya kujikimu, na akitaka kushtaki hupewa mwanasheria.

Wapo watakaosema: huyo ni daktari bingwa, tena mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2018, muuza nyanya ana nini cha kutoa? Jibu limo katika habari hiyo hiyo. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia Mukwege nyumbani kwake. Mlinzi wake aliuawa, naye akaihama nchi pamoja na familia yake. Ndipo akina mama wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, walipoanza kuuza mananasi na vitunguu ili wamchangie nauli ya ndege. Ni watu wasio na akiba yoyote. Alirudi Januari 2013, na wanawake wakaahidi kumlinda kwa zamu. Waliohudumiwa jana ndio waliotoa leo, na kila mmoja alitoa kilichokuwa kapuni mwake.

Kwa hiyo kila usharika na ujikague. Fundi cherehani amchukue binti mmoja asiye na karo amfundishe kazi. Mhasibu wa kanisa aketi na mjane, amsomee karatasi za mirathi kabla hajatia dole gumba. Na jumuiya ikikutana kwa maombi ya jioni, iulizwe kwanza ni nani hakuonekana wiki hii, na kwa sababu gani. Ikiwa amekosa nauli ya kwenda kliniki, ichangwe hapo hapo, bila picha kupigwa, na atajwe wa kumsindikiza kesho asubuhi kabla watu hawajatawanyika.