Gari limechemsha, fundi anasema silinda zichongwe: fikiri kwanza

Kuna ujumbe unaojirudia kwenye simu ya studio yetu, na karibu kila mara unatoka kwa mtu mwenye gari dogo la abiria. Gari lilichemsha mlimani. Fundi akafungua injini, akasema silinda zimelika, zichongwe. Zikachongwa, zikawekwa pistoni na ringi mpya. Miezi miwili baadaye gari linafuka moshi wa bluu na kunywa oili, na mkopo wa kikundi bado haujaisha.

Aliyetuandikia mara ya mwisho anapakia abiria kati ya Mombo na Lushoto kwa Probox. Hakutaka kulaumu mtu. Aliuliza tu: achonge tena, au atafute injini nyingine? Tulilijibu hewani kwa kifupi, lakini jambo lenyewe linahitaji nafasi zaidi ya ile tuliyokuwa nayo.

Kilichobadilika ni gari lenyewe. Corolla na Starlet nyingi za miaka ya 1990 zilikuwa na injini za 4E na 5A, ambazo bloku yake ni chuma tupu cha kumimina. Silinda ikilika, ilichongwa robo milimita na kuwekewa pistoni kubwa kidogo. Ikilika tena, ilichongwa nusu milimita. Mafundi wetu wengi walijifunzia kazi kwenye injini hizo, na waliijua vizuri.

Kisha zikaja Probox, IST, Raum na Spacio zenye injini ya 1NZ, au 1ZZ kwa baadhi ya Spacio na Premio. Hizi bloku yake ni alumini. Ni nyepesi, na wepesi huo unasaidia kupunguza mafuta. Lakini alumini ya kawaida haiwezi kusuguliwa na ringi za pistoni ikadumu, kwa hiyo ndani ya kila tundu kuna slivu, wengine huita laina, yaani bomba jembamba la chuma. Halikuchomekwa baadaye kama laina za malori mengi. Alumini ilimiminwa kulizunguka kiwandani, na mgongo wake una mikwaruzo ili ishikane nayo.

Slivu hiyo ni nyembamba, haina nyama ya kuchonga mara mbili tatu. Kitabu cha Toyota cha kutengeneza 1NZ hakielekezi kuchonga: silinda ikizidi kipimo, kinasema badilisha bloku. Pistoni kubwa unazoziona madukani zimetengenezwa na watu wengine. Wapo waliozitumia na gari likatembea, siwezi kukataa. Ila ukichonga slivu nyembamba unaifanya iwe nyembamba zaidi, na siku ikipata joto kali inapinda haraka.

Na joto ndilo linaloanza yote. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Gari likichemsha sana, bloku na slivu havitanuki sawa: mshiko unaweza kulegea, na duara la silinda likawa kama yai. Uso wa juu unaokaa gasketi ya hedi nao unajikunja. Ukibadilisha gasketi peke yake bila kupima uso huo, utairudia kazi.

Madereva wengine huniambia, "Mbona taa nyekundu haikuwaka?" Vitz na IST nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu. Tena sensa inayosoma joto inahitaji kuzama ndani ya maji. Maji yakishavuja yakaisha, sensa inaweza kubaki kwenye hewa na isiseme ukweli, huku injini inaungua. Ndiyo maana kuangalia maji asubuhi, injini ikiwa baridi, kuna uzito kuliko kuisubiri taa. Na hayo maji yasiwe ya mtoni. Chumvi na matope huziba rejeta, na alumini huliwa na maji yasiyo na kulanti.

Kuna pia ile tabia ya kung'oa thamostati ili gari "lipoe". Injini inakaa baridi muda mrefu, oili haifiki joto lake, ringi na silinda zinalika, na ugonjwa wenyewe, mara nyingi rejeta iliyoziba au feni mbovu, unabaki palepale.

Turudi kwa dereva wetu. Kunywa oili peke yake si ushahidi kwamba silinda zimekufa. Injini za 1ZZ za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kula oili kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yakaziba na ringi zikaganda. Ukichonga silinda hapo umetibu mguu wakati jino ndilo linauma. Kabla ya kufungua chochote, fundi apime kompresheni. Ikiwa chini, adondoshe oili kidogo kwenye silinda apime tena: ikipanda, tatizo liko kwenye ringi au silinda, isipopanda, atazame valvu na gasketi.

Injini ikishafunguliwa, kila silinda ipimwe juu, katikati na chini, kila mahali pande mbili. Vipimo sita, kwa kifaa cha kupimia, si kwa kidole. Fundi asiye na kifaa hicho aipeleke bloku kwa mwenye nacho.

Slivu mpya inawezekana. Ya zamani hutolewa kwa mashine, bloku hupashwa moto, mpya huingizwa, kisha huchongwa kufuata pistoni ya kawaida na uso wa juu kusawazishwa. Muulize fundi ataizuiaje isishuke, kwa sababu slivu ikizama hata kidogo gasketi haishiki tena. Asiyeweza kulijibu hilo usimwachie bloku.

Injini ya mtumba mara nyingi ni ya haraka zaidi, lakini nayo ipimwe kompresheni kabla ya kulipa. Na usisahau kuwa namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko yafikishwe TRA kabla hujasimamishwa barabarani.

Bloku ya dereva wetu kwa sasa iko Tanga mjini, inasubiri kupimwa. Ameahidi kutusomea vipimo hewani.