Moyo Ndani ya Kompyuta

Mama mmoja wa kambini hapa Jinja amenilalamikia. Mwanawe alilazwa kwa homa kali, mikono baridi, na daktari akakataa kumtia maji ya dripu kwa kasi. "Ubahili gani huu?" akaniuliza.

Mwaka 1972 mtaalamu wa Marekani, Arthur Guyton, aliuchora mwili kwa hesabu: moyo, mishipa na figo, kila kimoja kikikiathiri kingine. Kompyuta ikizifanya hesabu hizo, mwanafunzi humtoa damu mgonjwa asiyekuwapo, akamrudishia maji, akaona moyo uitikiavyo. Ni kama bwawa letu la Owen Falls, siku hizi Nalubaale: ukijua maji yaingiayo na yatokayo, utabashiri kina chake. Nami, mwalimu wa chaki, naupenda ufundi huo.

Lakini mtoto si bwawa. Hesabu ya vitabuni ilisema: damu haifiki mikononi, basi mishipa ijazwe upesi. Jambo hilo likapimwa kwa watoto 3,141 katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, Mbale ikiwamo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Katika saa 48 za kwanza, kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa maji kwa kasi walifariki 10 au 11. Kati ya wasiomiminiwa, 7.

Mtoto aliyekaushwa na kuhara shauri lake ni jingine. Huyo hakuwamo katika kipimo hicho, na maji ndiyo uhai wake. Kwa hiyo, mama, mtoto akihara, mwambie daktari mapema.